Kabla Hujanunua Vitanda: Leseni za BnB, Kutoka Nakuru Hadi Kisumu

Haupiti mwezi bila kupigiwa simu na mtu anayetaka kufungua BnB, yaani nyumba ya kulaza wageni kwa usiku, na amepata nyumba nzuri hapa Kisumu, Milimani au Mamboleo au kule juu Riat kwenye upepo, na swali la kwanza huwa lile lile: "Dada, zile sofa ulinunua wapi?" Mimi humuuliza mkataba wake na mwenye nyumba unasemaje. Kimya. Halafu anacheka kidogo, akidhani namkwepa nisimwonyeshe fundi wangu.

Simkwepi. Mimi mwenyewe nilianza na sofa. Nilikuwa Nakuru wakati huo, nimekodi nyumba ya vyumba viwili vya kulala Section 58, nikahesabu kwamba watu wa kwenda mbugani na Menengai hawataki wote hoteli. Nikapaka rangi, nikatandika, nikapiga picha saa kumi jioni jua likiingia vizuri sebuleni, nikaiweka mtandaoni. Wageni wakaja. Mwezi wa tatu mwenye nyumba akaniita kwake. Hakunigombeza. Alifungua mkataba wetu ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: nyumba ni ya makazi ya mpangaji na jamaa zake, na hatapangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Chini yake sahihi yangu, nimeiandika kwa mbwembwe kabisa. Jumamosi iliyofuata sofa zilipanda pikapu kwenye manyunyu, zimefunikwa turubai lililotoboka, na mto mmoja wa kijani sijauona mpaka leo.

Nililolipia siku ile ni hili: nyumba ikiacha kulipiwa kwa mwezi ikaanza kulipiwa kwa usiku, imekuwa kitu kingine, hata kama kuta ni zile zile na keateka anayetunza jengo ni yule yule. Mwenye nyumba haioni tena kama ya makazi. Kaunti inaiona kama biashara ya kulaza wageni, zimamoto vivyo hivyo, na wakusanya kodi ndio usiseme. Ukilishika hilo mapema, mlolongo wa ofisi utakaoupitia utakuwa na maana. Usipolishika, utaona kila ofisi imekuundia usumbufu.

Kwa hivyo anza na idhini. Iwe ya karatasi, na maneno yenyewe yawemo: kwamba utalaza wageni wa siku chache kwa malipo. "Sawa, hakuna shida" ya WhatsApp haitakusaidia siku jirani wa juu atakapolalamika kuhusu masanduku yanayoburutwa ngazini saa nane usiku. Na usidhani kununua nyumba yako mwenyewe kwenye ghorofa kunakuondolea mzigo huo. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Nyumba za Sehemu ya 2020, wenye nyumba za jengo moja huwa na shirika lao, na shirika hilo lina kanuni zake. Ziombe uzisome kabla hujalipa amana. Ukiwa na nyumba ya peke yake kwenye uwanja wake, pita ofisi ya mipango ya kaunti uulize kama ardhi ile imepangiwa makazi tu; Sheria ya Mipango ya 2019 inataka ruhusa unapobadilisha matumizi, na ni nafuu kuuliza kaunta kuliko kupata notisi imebandikwa kwenye geti.

Sasa kaunti. Wengi huuliza kwa nini tulipe leseni huku na tena kule Nairobi. Jibu liko kwenye Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: leseni za biashara, utalii wa mashinani na zimamoto ni kazi za kaunti, sera ya utalii ya nchi nzima ni ya serikali kuu. Mabwana wawili, na kila mmoja ana kitabu chake. Bunge la kila kaunti pia hupitisha sheria yake ya fedha, kwa hivyo ada za Nakuru si ada za Kisumu. Nilipohamia huku nilikuja na bei za Nakuru kichwani, nikafika kaunta na pesa pungufu, nikarudi nyumbani kama mtoto aliyefukuzwa karo. Uliza ada ya mwaka huu, ya kaunti hii, ya idadi yako ya vyumba. Usikubali pia kuandikiwa "upangishaji nyumba" kwenye leseni kwa sababu ni rahisi. Mkaguzi akija akukute unafua shuka za wageni, karatasi hiyo haitakutetea. Kabla ya kaunta uwe na jina la biashara, ambalo unasajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na PIN ya KRA, wale wakusanya kodi.

Na malipo yapite kwa nambari rasmi tu, upate ujumbe. Kuna kijana alinijia mlangoni na jaketi ya njano na kitabu cha risiti kilichokunjikakunjika, akasema nikimpa elfu mbili "mambo ya leseni yatakwisha hapa hapa." Nilimwomba kitambulisho cha kazi. Alikumbuka kwamba amekiacha kwa gari. Gari lenyewe nalo sikuliona.

Zimamoto nitakaa hapo kidogo, maana ndipo watu wengi hukwama, na mimi ndipo nilipojifunza zaidi. Ofisa aliyekuja kwangu alikuwa mama mmoja mfupi, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilikuwa nimejiandaa: mtungi wa kuzimia moto ukutani, mshale wa kipimo uko kwenye kijani. Hakuutazama mshale. Aligeuza kile kibandiko kinachoning'inia shingoni mwa mtungi, akasoma tarehe ya kufanyiwa huduma, akanionyesha. Ilikuwa imepitwa na miezi minne. Sawa, hilo dogo. Akaingia chumba cha kulala, akashika grili ya dirisha kwa mikono miwili, akaitikisa. Haikutikisika, nilikuwa nimelipa pesa nzuri isitikisike, kwa sababu ya wezi. Akaniuliza, "Moto ukianzia jikoni, mgeni wako atatokea wapi?"

Nikaangalia. Kutoka chumba kile mpaka mlango mkuu lazima upite jikoni. Nimelala humo mara nyingi mwenyewe, sikuwahi kuwaza hivyo.

Kesho yake nilikwenda Kibuye nikamleta fundi wa kuchomelea. Alikata kipande cha grili ukubwa wa kupitisha mtu mzima, akakitia bawaba. Alitaka kuweka kufuli, ufunguo uning'inie kwenye msumari. Nikamkatalia. Mgeni aliyeamka ndani ya moshi, kwenye nyumba asiyoijua, hatatafuta msumari. Akaweka komeo la ndani linalofunguka kwa mkono mmoja. Cheche zilitoboa pazia langu jipya matundu matatu, nikalikata nikalifanya la bafuni. Mama yule aliporudi alifungua komeo mwenyewe, mara mbili, akafunga, akaandika. Tangu siku hiyo kila mgeni namwonyesha dirisha lile kabla ya nenosiri la intaneti. Nimeongeza king'amuzi cha moshi kila chumba, na gesi nimeitoa nje kwenye kibanda cha chuma chenye matundu ya hewa.

Upande wa serikali kuu mlango wako ni Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyoundwa na Sheria ya Utalii ya 2011. Watu walizoea kudhani mamlaka hiyo ni ya hoteli zenye nyota na kampuni za safari. Januari 2024, baada ya wasichana wawili kuuawa Nairobi katika nyumba za kukodi kwa siku, mamlaka ilitangaza wazi kwamba nyumba hizi zote zisajiliwe na kupewa leseni. Sheria ilikuwepo kabla. Kilichobadilika ni kwamba sasa inafuatwa. Mwenzangu mmoja husema hiyo ni ya Nairobi, huku Kisumu tuko salama. Mimi namwambia kwamba yeyote aliyekuja hapa Mei 2022 wakati wa Africities, mkutano wa miji ya Afrika, vyumba vikatafutwa mpaka mitaa ya ndani, anajua jiji hili si kijiji tena. Leseni ya mamlaka ni ya kila mwaka, unaomba mtandaoni, na mkaguzi huja kuona kwa macho. Kama zimamoto umeshamalizana nao vizuri, ukaguzi huu hautakutoa jasho.

Pesa. Hapa wageni wa kazi hii hukosea kwa nia njema. Wanasema, mimi nalipa ile kodi ya nyumba ya KRA, asilimia 7.5, yamekwisha. Ile imetungwa kwa kodi ya makazi, mpangaji wa mwezi. Mimi mhasibu wangu aliniweka kwenye kodi ya mauzo, asilimia 3, ambayo ni ya biashara zinazoingiza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Wewe keti na wa kwako kabla hujachagua, maana hesabu za mtu aliyeajiriwa kwingine au mwenye kampuni hutoka tofauti. Ukipita Sh5 milioni kuna VAT pia, kodi ya ongezeko la thamani. Halafu kuna ushuru wa utalii, asilimia 2, unaokwenda kwa Mfuko wa Utalii kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Unakatwa kwenye mapato yote, si kwenye faida.

Tufanye hesabu. Nyumba mbili, kila moja Sh3,500 kwa usiku, zikipata wageni siku 18 kwa mwezi, ni Sh126,000. Ushuru wa utalii Sh2,520. Kodi ya mauzo Sh3,780, nayo kabla ya tarehe 20. Sh6,300 zimeondoka na bado hujamlipa mwenye nyumba, mama wa usafi, tokeni za umeme wala maji ya bauza wakati mfereji umekauka. Ndiyo maana nikisikia mtu anakodisha nyumba nzima Sh1,500 kwa usiku nampigia hesabu kimyakimya, na mara nyingi jibu ni kwamba kuna mahali halipi.

Daftari la wageni sasa. Nina kaunta buku jeusi, nimelipigia mistari mwenyewe: jina, nambari ya kitambulisho au pasipoti, simu, nambari ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Si ya aliyelipa tu, ya kila anayelala. Wapo wanaokasirika. Kuna mzee mmoja aliniambia, "Binti, mimi ni mtu mzima, unaniandika kama mwizi?" Nikamjibu, "Samahani mzee wangu, nakuandika ndiyo hata ukidondosha simu usiku nijue nimrudishie nani." Alitoa kitambulisho akinung'unika. Kuna siku askari wawili wa upelelezi walikuja kuulizia mtu aliyelala kwangu wiki mbili nyuma. Nilifungua ukurasa, wakanukuu, wakaondoka kabla chai haijachemka. Sitaki kufikiria jioni hiyo ingekuwaje kama ningekuwa na jina moja tu na nambari ya simu iliyozimwa. Mjulishe pia mwenyekiti wako wa Nyumba Kumi, ule ulinzi wa mtaa, unafanya nini pale. Asijifunze kwa majirani.

Lakini daftari lina upande wake wa pili. Zamani nilikuwa nikipiga picha za vitambulisho, nazituma kwenye kikundi cha WhatsApp ambamo tuko mimi, mama wa usafi, mlinzi, na mpwa wangu aliyekuwa akipokea wageni kabla hajaenda chuo. Alipokwenda chuo alienda na picha zote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhesabu wewe kuwa mtunzaji wa data za watu, na kanuni zake zinataka biashara za kulaza wageni zisajiliwe na Kamishna wa Data hata zikiwa ndogo. Nililipa Sh4,000, cheti ni cha miaka miwili. Kikundi nilikifuta. Buku linakaa kwenye droo yenye ufunguo, na kamera iko nje, getini na varanda, kamwe si ndani.

Televisheni na muziki pia vina leseni ya hakimiliki, usishangae wanaoikusanya wakija.

Na kama unafikiria kupika, jua umefungua mlango mwingine. Mpishi atahitaji cheti cha daktari cha kushika chakula, kinachofanywa upya kila miezi sita, na watu wa afya wataanza kutazama jiko lako kwa jicho la hoteli. Nilijaribu mwaka mmoja, mayai na mandazi, nikaona kazi ya karatasi imeshinda mayai yenyewe. Sasa naacha majani ya chai, sukari na mkate uliofungwa. Anayetaka samaki namwelekeza Dunga, atakula akiwa anaangalia ziwa.