Mama anataka kuona rais akiapishwa kwa macho yake, nimpeleke?

SWALI: Habari dada. Sisi tunakaa Nakuru, tuna watoto watatu, mkubwa ana 12, wa katikati 9 na mdogo 4. Mamangu ana miaka 70. Mwaka wa 1963 alikuwa mtoto wa miaka saba hivi, babake akaenda Nairobi kuona bendera ikipandishwa akamwacha nyumbani juu alikuwa mdogo, na hiyo kitu hajawai isahau hadi leo, kila sherehe kwa TV lazima aitaje. Sasa anasema kabla afe anataka aone rais akiapishwa mwaka ujao wa uchaguzi, awe pale pale. Mzee wangu anasema ni kujisumbua, kwa TV tutaona vizuri zaidi. Magoti ya mama si mazuri. Niko na dada yangu Roysambu anaweza kutulaza. Nifanye nini? – Mama Watatu, Nakuru

JIBU: Mama Watatu, asante kwa kuandika, hii barua nimeisoma mara tatu. Wacha nikwambie mbele kabisa, mimi niko upande wa mamako. Mzee wako hajakosea, kwa TV utaona uso wa rais vizuri kuliko mtu aliyekaa ndani ya uwanja, lakini mamako hajasema anataka kuona uso wa mtu, anataka kuwa pale.

Mimi nilienda na babangu Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010, siku ile Kibaki alitia sahihi katiba mpya. Ilikuwa Ijumaa. Tulitoka nyumba bado giza, babangu amevaa tai yake ya harusi, thamosi ya chai kwapani na karedio kadogo kamefungwa waya mahali eriali ilivunjika. Tulikuwa mbali sana kule juu kwa mteremko, jukwaa unaliona kama kiberiti, kwa hivo yeye alikuwa anasikiliza kwa redio kitu kinafanyika mbele ya macho yake. Mizinga ilipoanza kulia akanishika mkono, akanishika kwa nguvu kabisa, na hakuuachilia hadi ikanyamaza. Babangu hayuko tena. Sikumbuki hata hotuba moja ya siku ile lakini huo mkono naukumbuka.

Lakini pia nilikuwa uwanja wa Kasarani tarehe 13 Septemba 2022, siku Ruto aliapishwa, na mtoto wa dada yangu wa miaka kumi, na hapo ndio nataka unisikize vizuri. Milango ilifunguliwa alfajiri na uwanja ukajaa kabla jua litoke, watu wakaendelea kuja tu, na kwa lango moja kukawa na msukumano watu wakaumia. Sisi tulikuwa nyuma kidogo, nikahisi kijana ananyanyuka miguu haigusi chini, nikamvuta kwa kola ya shati tukatoka kando, kiatu kimoja kikabaki huko. Tukaona mambo yote kwa TV ya kibanda cha chapati. Kwa hivo mtu wa magoti mabaya na mtoto wa miaka minne hawafai kuwa kwa lango la uwanja siku hiyo, hapo sibishani na mtu, hata mama akilia.

Sasa mipango. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 lakini siku ya kuapishwa huwezi kuijua sahii, na watu wengi hapa ndio hukosea wanalipia mambo mapema. Katiba inasema ni Jumanne ya kwanza baada ya siku 14 tangu matokeo yatangazwe, kama hakuna kesi. Kukiwa na kesi Mahakama ya Juu, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku saba tangu korti iseme uchaguzi ulikuwa halali. Ndio maana 2013 ilikuwa 9 Aprili, 2017 ikawa 28 Novemba, na 2022 13 Septemba, zote Jumanne. Na korti ikifuta uchaguzi kama ilivyofanya tarehe 1 Septemba 2017 basi mnaanza tena kungoja, ile mara tulingoja karibu miezi mitatu. Kwa hivo usilipe gari la kukodi mapema, ngoja korti imalize. Siku yenyewe ni likizo ya umma, shule si shida. Kiapo chenyewe kinafaa kuwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Uwanja nao usiuchukulie ni Kasarani mpaka utangazwe. Ikiwa ni Kasarani mna bahati ya huyo dada yako, kutoka Roysambu mnatembea kwa miguu na hamguswi na mambo ya Thika Road kufungwa. Mfike Jumapili, msifike Jumatatu usiku.

Mimi ningegawa familia. Wewe na mzee mwende na huyo wa 12, mtoke saa tisa usiku, mkikuta lango limebanana mrudi, msibishane na umati. Mwambie mapema atakachoona, yaani mkono juu ya Biblia au Kurani, Jaji Mkuu pale mbele, halafu rais anayeondoka akimkabidhi mpya upanga na katiba, na kama ni yule yule ameshinda tena basi mwambie pia, asingoje upanga. Mtoto akijua anachongojea hachoki haraka. Wa 9 na mdogo wabaki Roysambu na shosho na aunty yao, na mizinga wakiisikia kwa dirisha waisikie pamoja.

Najua utaniuliza, sasa mama amekuja Nairobi kukaa kwa nyumba? Hapana. Jumatatu yake, siku moja kabla, mpeleke mama Uhuru Gardens, Lang'ata Road. Hapo ndio babake alienda. Ni pale bendera ya Mwingereza ilishushwa na yetu ikapandishwa usiku wa manane kuamkia 12 Desemba 1963, na kuna mti wa mugumo ulipandwa kuonyesha mahali penyewe. Uliza kwanza kama pako wazi siku hiyo, ubebe kiti cha kukunja, na mwende mapema kabla jua liwe kali. Hakuna wa kumsukuma hapo, anaweza kukaa lisaa lizima.

Na hii mipango yote usiifanye na mzee na ndugu zako peke yenu, keti na mama umweleze vile nimekueleza, lango na magoti na yote, aseme mwenyewe. Akisema bado anataka uwanja, basi tafuteni mapema kama kuna kiongozi wa hapo kwenu anaweza kuwasaidia na kadi ya mwaliko, juu hao wana viti vyao na huingilia kwingine. Ikikosekana, Uhuru Gardens inabaki.

Chaji simu vizuri hiyo Jumatatu. Mkifika kwa mugumo mwache aongee, aanze na ile siku babake alimwacha kwa mlango, na wewe urekodi tu bila kumkatiza.