Kabla ya Kumeza Klarithromaisini, Taja Dawa Zako Zote

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba baba yake, anayetumia simvastatini ya kupunguza lehemu, ameandikiwa dawa za vidonda vya tumbo za wiki mbili, akaniuliza kama nilitia chumvi niliposema kuwa klarithromaisini, antibiotiki iliyomo katika dawa hizo, si ya kuchezewa. Sikutia chumvi.

Mama yangu alipewa dawa hizo hizo, yaani klarithromaisini pamoja na amoksilini na omeprazoli, ili kuua bakteria wa Helicobacter pylori, na hakuna aliyemuuliza humeza nini kila usiku. Dozi haijaisha, mapaja yakaanza kumuuma hata akashindwa kuinuka kwenye mkeka wa swala, mwenyewe akisema ni uzee tu; mkojo ulipogeuka rangi ya chai kavu ndipo tulipomkimbiza hospitali. Daktari alitueleza kwamba klarithromaisini huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja simvastatini, hivyo simvastatini ikalimbikizana mwilini, ikaharibu misuli, na mabaki ya misuli yakaanza kuzielemea figo. Alisimamishiwa dawa zote mbili, akatundikiwa dripu, na kwa rehema za Mungu figo zikasalimika. Aliyetuuzia dawa alipoelezwa, alijibu kwamba wateja wengine hawajalalamika. Jibu hilo bado linanichoma.

Tangu hapo mama haendi kliniki bila karatasi yenye majina ya dawa zake zote, nami najivunia karatasi ile kuliko vyeti vyangu. Fanyeni hivyo, ndugu zangu. Tajeni kila dawa, hata ya jongo, kwa sababu kolchisini ikikutana na klarithromaisini imewahi kuua watu. Erithromaisini nayo huzuia kimeng'enya hicho. Kichefuchefu na kuharisha kunakoletwa na makrolaidi, yaani kundi la antibiotiki hizi, kunasumbua, lakini kwa kawaida hupita.

Azithromaisini, ya kundi hilo hilo, haina sana tabia hiyo ya kugongana na dawa nyingine, ila mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa mwenye upungufu wa potasiamu au anayetumia dawa za kurekebisha mapigo. Halafu mtu anainunua dukani kwa ajili ya mafua, ugonjwa wa virusi usioponywa na antibiotiki yoyote!

Kwa msomaji wangu: usimwachishe baba dawa kwa uamuzi wako. Mrudishe kwa daktari leo na vidonge vyote mkononi, kwani kwa kawaida simvastatini husimamishwa hadi dozi ya tumbo iishe, au huchaguliwa antibiotiki nyingine.