Kutoka kaunta ya benki hadi uprofesa

SWALI: Nina shahada ya biashara yenye GPA ya 3.9 na MBA (umahiri wa biashara) ya 4.2. Ni meneja wa tawi la benki, miaka 9 kazini. Nataka kufundisha menejimenti chuo kikuu na baadaye niwe profesa. Je, uzoefu wangu utanisaidia? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwa kuingia, GPA zako zinatosha. Vyuo vikuu vya Tanzania kwa kawaida hudai 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya umahiri kwa mhadhiri msaidizi. Uzoefu utakufaa darasani, lakini haupandishi cheo. Kutoka mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki hadi profesa, kinachopimwa hasa ni PhD na makala kwenye majarida yanayohakikiwa na wataalamu.

Kwa hiyo tazama MBA yako iliishaje. Kama ilikuwa masomo ya darasani na kamradi kafupi mwishoni, utafiti hujaujua bado, na andiko lako la PhD litakwama hapo. Tuseme unataka kupima kama uongozi wa meneja unaongeza ufanisi wa makeshia. Wengi humpa keshia hojaji moja: ampe meneja alama, kisha ajipe alama mwenyewe. Uhusiano utaonekana tu, kwa sababu aliyeamka vizuri siku hiyo hujaza alama za juu kote. Mhakiki wa jarida atairudisha makala yako kwa hilo pekee. Alama za meneja zitoke kwa keshia. Za ufanisi zichukue kwenye kumbukumbu za tawi, kwa mfano ni mara ngapi hesabu za jioni zilipungua au kuzidi, tena wiki kadhaa baadaye.

Kosa la pili limejificha zaidi. Makeshia 200 wa matawi 4 wanakupa mameneja 4 tu, na unachopima ni uongozi wa meneja. Ongeza matawi kabla ya kuongeza makeshia. Na kibali cha makao makuu kiwe cha maandishi. Umeneja wako si kibali, na tawi lako mwenyewe liache nje.

SWALI: Rafiki yangu kamaliza PhD Marekani mwaka jana, tayari anaitwa profesa. Inakuwaje? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ni profesa msaidizi, ngazi ya kuanzia kule, hapa angeitwa mhadhiri. Kwa kawaida ana kama miaka 6 ya kupimwa. Makala zikitosha anapata ajira ya kudumu, zisipotosha anaondoka. Presha yake si ndogo.

Ukitaka njia hiyo ya Marekani, MBA si lazima katika vyuo vingi. Programu nyingi za PhD za biashara hulipa ada na kutoa posho, na miaka 2 ya mwanzo ni masomo na mtihani, ndiyo maana hudaiwi andiko kamili la utafiti unapoomba. Maombi mengi hufungwa Desemba hadi Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba. Matokeo ya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi shule za biashara, hudumu miaka 5, kwa hiyo usiufanye mapema mno.