Muulize Mjomba: Bia hazijafunguliwa, mbona dogo kakamatwa?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi nina grosari ndogo hapa Mikindani, mzigo nachukua depo Mtwara mjini mara mbili kwa wiki. Mtoto wa dada yangu ana miaka 17, kamaliza fomu foo yupo tu nyumbani, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anaiendesha vizuri kuliko hata mimi, basi wiki iliyopita nikamtuma akalete kreti 8. Njiani trafiki akamsimamisha akamwambia lete leseni, dogo badala ya kujibu akashuka akaanza kumwonyesha vifuniko vya chupa, eti afande angalia hakuna hata moja iliyofunguliwa. Gari ikalala kituoni na bia zangu juu. Sasa vijana wa kijiweni wananiambia wamesoma kwenye simu kwamba aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kubeba pombe kwenye gari hata ikiwa imefungwa. Ina maana hata kaka yake wa miaka 19 mwenye leseni nisimtume? – Mama Grosari, Mikindani

JIBU: Marahaba dada yangu, pole, na hiyo ya vifuniko imenichekesha mpaka chai imepoa.

Tuanze na hiyo 21 maana ndiyo imewachanganya. Vijana hawajakudanganya, ila sheria waliyoisoma ni ya watu wengine. Marekani umri wa kununua pombe ni miaka 21, serikali yao kuu ilizibana majimbo mwaka 1984 kwa kutishia kuwakata hela za barabara, majimbo yakafuata. Na kule kweli kreti yenyewe inaweza kuwa kosa. Jimbo la California kwa mfano, dereva wa chini ya miaka 21 akibeba pombe kwenye gari huku anajua ipo, hata chupa ziwe zimefungwa kama zilivyotoka kiwandani, kavunja sheria, isipokuwa yupo na mzazi au mtu mzima anayehusika naye, au ameajiriwa na mwenye leseni ya kuuza pombe na yupo kazini muda wa kazi. Gari inaweza kushikiliwa hadi siku 30. Kwahiyo hata huko California kijana wa grosari aliyetumwa na bosi wake ana pa kupitia, sembuse Mikindani.

Huku kwetu Bara mambo ni tofauti. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haijaweka umri wa kubeba bia iliyofungwa. Kwa dereva inaangalia kama ana leseni halali na gari hiyo, na pombe iliyomo mwilini mwake, ambayo kiwango chake cha kawaida ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Bia iliyo kwenye kreti nyuma ya kirikuu haiingii kwenye damu ya mtu.

Sasa shida yako ipo wapi? Ipo kwenye 17. Kuendesha gari ni kuanzia miaka 18, hakuna cha "anaijua gari", na mwenye gari anayemruhusu asiye na leseni kuendesha na yeye anaingia kwenye kosa, yani wewe dada usijione upo pembeni. Halafu kuna bima. Angemgonga mtu pale njiani, kampuni ya bima kitu cha kwanza wangeuliza leseni ya dereva, na bila hiyo mzigo wote wa matibabu na fidia ungeweza kukuangukia wewe na grosari yako. Mimi hiyo ndiyo inaniogopesha kuliko gari kulala kituoni.

Na lingine ambalo hukuuliza ila naliona: Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18 na haruhusiwi kuuziwa pombe. Depo iliyompa kreti 8 mtoto wa miaka 17 akaenda nazo, hata kama hela ni zako na stoo ni yako, imejiweka pabaya. Kwahiyo hata ukimpa dereva mwingine, dogo asiwe ndiye anayelipia pale dirishani.

Wa miaka 19 mtume tu, ila angalia daraja la leseni yake kama linaruhusu gari la biashara, watu wengi wana leseni ya gari ndogo ya nyumbani wanadhani inafungua kila kitu. Apewe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya mzigo akae nayo mbele, sio nyuma kwenye makreti, maana tangu zije stempu za kodi za kielektroniki kwenye vileo mwaka 2019 mzigo usio na karatasi unaleta maswali mengi. Na yule mdogo asubiri atimize 18, achukue leseni ya kujifunzia, apite chuo cha udereva, afanye testi ya trafiki. Saizi abaki kupakia na kushusha chupa tupu, huko hakuna anayeulizwa leseni.

SWALI: Mjomba mimi nina miaka 20 leseni ninayo, binamu yangu Kitangari ana sherehe kaniomba nimpelekee madumu mawili ya nipa toka Newala. Nimeyafunga vizuri na nailoni na kamba. Si yamefungwa pia? – Mkorosho

JIBU: Wewe mjomba wangu umenisoma vibaya kabla hata sijaandika. Nailoni yako haihesabiki. Nipa imechemshwa na kukenekwa, kwa sheria hiyo ni moshi, yani gongo, na sheria ya moshi ipo tangu 1966: kuitengeneza bila leseni kosa, kukutwa nayo kosa, uwe na miaka 20 au 70, uwe kwenye gari au umekaa nayo chini ya mkorosho. Uraka ni habari nyingine, huo ni maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyochacha tu, haujapita kwenye moto, ila kuuuza napo kunataka kibali. Na nipa ya nyumbani hakuna anayejua nguvu yake mpaka mtu adondoke, hilo Newala mnalijua wenyewe. Madumu yarudi yalikotoka, Kitangari nenda na gari tupu.