KM, herufi mbili zilizoniponza

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa fupi: ni kifupisho gani cha herufi mbili chenye maana nyingi kuliko vyote unavyovijua, na je, kimewahi kukuletea balaa? Wenzangu bila shaka watawaletea PC, AC na CV. Mimi naleta km. Kazi yangu ni kusoma na kusahihisha miswada ya Kiswahili kabla haijaenda kuchapwa, kwa hiyo herufi hizi mbili nakutana nazo karibu kila siku, na bado mara mojamoja zinanizidi ujanja.

Tuanze na maana ambazo hazihitaji kuelezwa. km ni kilomita. k.m. ni kwa mfano. Na tangu tulipoanza kubana maneno ili ujumbe wa simu utoshe katika herufi zake 160, km imekuwa pia kama: "km upo nijibu", "sijui km atakuja". Hizo tayari ni tatu, na zote zinaweza kukaa kwenye aya moja bila mwandishi kuona tatizo lolote, kwa sababu kichwani mwake hakuna km, kuna maneno kamili. Anayeandika kwa mkato anajua alichokikata. Msomaji ndiye anayebaki kuokota vipande.

Balaa langu lilitokea hivi. Miaka kadhaa iliyopita tuliandaa matembezi ya hisani. Mimi sikutembea, nilipangiwa kukaa mwisho wa safari nipange viti na maji, niwapokee watu. Saa sita hivi mchana kiongozi wa msafara, kijana mchapakazi ila mvivu wa kuandika, akanitumia ujumbe: "Tumebaki km 10." Nikasikitika. Walikuwa wameanza safari karibu arobaini. Nikasema jua limewashinda, wamebaki kama kumi. Nikapanga viti kumi, vingine nikavirudisha stoo. Baada ya saa moja na nusu ukaingia ujumbe wa pili: "Tumebaki km 4." Lahaula! Nikaenda nikaondoa viti sita. Wakafika watu thelathini na wanane, vumbi hadi kwenye kope, wakasimama wanatazama viti vinne.

Nililaumiwa sana siku ile, lakini kwa muda niliokuwa nao wa kulitafakari jambo hili nimejipunguzia hukumu. Kiswahili hutaja kitu kwanza, idadi baadaye: watu kumi, siku kumi, kilomita kumi. Anayeandika jinsi anavyosema ataandika km 10. Lakini kama ya kukadiria nayo hukaa palepale, kabla ya namba: kama kumi. Na kwa mfano vilevile: "chagua namba yoyote, km 10". Maana tatu zinagombea kiti kimoja, na kijana yule hakunipa hata koma ya kunisaidia. Neno dogo kama "hivi" mwishoni lingetosha kunionyesha kwamba ni makadirio; kukosekana kwake kungetosha kunitia shaka, kama ningekuwa makini.

Kanuni za vipimo vya kimataifa zinataka namba itangulie, ifuatwe na nafasi moja, kisha alama: 10 km. Ukiandika hivyo shaka inakwisha, maana hakuna Mswahili anayesema "kumi kama". Ila kuna gharama yake. Msomaji wetu akifika kwenye 10 km hasomi "kumi kilomita". Jicho linairuka namba, linachukua kilomita, linarudi nyuma kuchukua kumi. Msikilize mtu asiye mzoefu akisoma kwa sauti habari yenye vipimo vingi: utasikia kigugumizi kidogo mahali hapohapo, kila mara. Ndiyo maana katika maandishi ya kawaida, yasiyo ya kisayansi, nikikuta km naifuta na kuandika kilomita 10. Herufi sita za ziada hazijawahi kumfilisi mtu.

Wako watakaoniambia nukta zinatosha kutenganisha. Kweli, kwenye karatasi, nukta mbili za k.m. ndizo ukuta kati yake na kilomita. Tatizo ni kwamba nukta ndizo za kwanza kuanguka. Mwandishi mmoja anaandika k.m., mwingine km. yenye nukta moja, wa tatu km tupu, na wako wanaotumia zote tatu ndani ya sura moja. Niliwahi kupokea mswada wa aina hiyo ya tatu, na mchapishaji alitaka kila kifupisho kiandikwe kwa kirefu. Nikaiamuru kompyuta igeuze kila km iwe kwa mfano, nikaenda kunawa uso. Niliporudi, mbio za marathoni zilikuwa na urefu wa kwa mfano 42.195, mwanga ulikuwa unasafiri karibu kwa mfano 300,000 kila sekunde, na Lukman, yule mwenye hekima anayetajwa katika Kurani, alikuwa anaitwa Lukwa mfanoan. Zile programu za kusoma maandishi kwa sauti hukosea kwa upande wa pili: nimeisikia moja, kwa sauti tulivu isiyo na wasiwasi wowote, ikisoma "wadudu, kilomita nyuki na siafu".

(Kwa mfano ina mkato mwingine, mf., ambao mimi naupendelea. Lakini usimpelekee mpiga kinanda: kwake yeye mf ni agizo la kupiga kwa nguvu ya wastani.)

Kuna upande wa jambo hili ambao ni wetu wenyewe, wala hatuwezi kuwasingizia wengine. Lugha yetu inapenda K na inapenda M. Sifa ikimfuata mtu huanza na m: mkuu, mkubwa, mdogo, msaidizi. Vyeo vingi navyo huanza na k: katibu, kamishna, kamanda, kaimu. Viunganishe uone. Katibu Mkuu ni KM. Kamishna Mkuu ni KM. Kamanda Mkuu ni KM. Katibu Muhtasi, ambaye pengine ndiye anayeandika hayo yote, ni KM. Kaimu Mkurugenzi pia. Niliwahi kuletewa kumbukumbu za kikao zilizokuwa na sentensi hii, naikumbuka neno kwa neno: "KM alimwagiza KM amkumbushe KM." Nikampigia simu aliyeiandika. Akanisomea bila kusita: Katibu Mkuu alimwagiza Katibu Muhtasi amkumbushe Kaimu Mkurugenzi. Nikaridhika, nikakata simu, nikasahau kuandika pembeni. Baada ya wiki mbili nikampigia tena. Safari hii alikwama kwenye KM wa tatu.

Katika wote hawa, mwenye hati kamili ni kilomita. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 7 Aprili 1795 ndiyo iliyoweka mita na viambishi vyake, na kilo ilitoholewa kutoka neno la Kigiriki la elfu. Mita ilikusudiwa iwe sehemu moja kati ya milioni kumi za umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Ndiyo sababu mzingo wa dunia unakaribia sana kilomita 40,000. Watu hudhani ni sadfa, kumbe dunia ndiyo iliyopimwa kwanza, kipimo kikakatwa humo. Tangu 1983 mita inapimwa kwa mwendo wa mwanga, lakini umbo la zamani limebaki.

Kwa wanaofuata kanuni za vipimo vya kimataifa, km si kifupisho hata kidogo. Ni alama, kama ilivyo alama ya kujumlisha. Haiwekewi nukta, haina wingi, na herufi zake ni ndogo zote mbili, popote ilipo. Hapo ndipo utamu unapoanza, kwa sababu K kubwa ina mwenyewe: ni kelvini, kizio cha joto. Kwa hiyo anayeandika Km, kwa jicho la mwanafizikia asiye na huruma, ametaja kelvini na mita. Na M kubwa ni mega, yaani milioni, ambayo haifai kusimama peke yake bila kizio. Bango la barabarani lenye KM kubwa, ukilibana kisheria, halisemi kitu. Madereva wanafika salama hata hivyo, nami siwezi kumwambia mtu asimamishe gari kwa ajili ya herufi kubwa.

Mwanakemia naye ana yake. Ukiona K kubwa na m ndogo iliyoshushwa chini kidogo, umeingia kwenye kazi ya Leonor Michaelis na Maud Menten ya mwaka 1913: ni kiwango cha ukolezi wa kitu kinachofanyiwa kazi ambapo kimeng'enya (kile kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini) hufikia nusu ya kasi yake ya juu kabisa. Ile m kushuka nusu mstari tu kumeshaihamisha kutoka barabarani hadi maabara.

Wingi huu wa maana usitushangaze sana. Kwa alfabeti ya Kilatini yenye herufi 26, jozi zote za herufi mbili ni 676, basi. Orodha ya kimataifa ya nchi na maeneo peke yake imekwisha kuchukua 249. Orodha ya lugha ina zaidi ya 180. Lazima watu wakanyagane. KM katika orodha ya nchi ni Komoro, na ndiyo maana anwani za intaneti za huko huishia na .km. Usishangae kwamba si CO wala CM: CO ni ya Kolombia, CM ni ya Kameruni, na Wakomoro wenyewe huiita nchi yao Komori. Katika orodha ya lugha, km ni Kikhmer, lugha ya Kambodia. Lakini Kambodia yenyewe, ikiwa nchi, ni KH! Kompyuta ikitaka kusema "Kikhmer cha Kambodia" huandika km-KH, lugha kwanza, nchi baadaye. Kwa mpangilio huohuo, mtu akitaka kusema Kikhmer kinachotumika Komoro ataandika km-KM, na kompyuta itamwelewa vizuri kabisa. Wengi hudhani udogo na ukubwa wa herufi ndio unaotofautisha hapo. Sivyo. Hiyo ni desturi tu ya kumpendeza msomaji. Ukiandika zote ndogo mashine haijali. Kinachoamua ni nani ametangulia, ubishi uleule wa km 10 na 10 km.

Bosnia na Herzegovina nao fedha yao, konvertibilna marka, wanaiandika KM tangu 1998, na wanaiweka baada ya namba. Kwa hiyo mgeni akiona "5 KM" kando ya barabara za huko, inabidi kwanza aangalie kama kibao kinaelekeza njia au kinauza kitu.

Nikiulizwa kipi nakiogopa zaidi kati ya vyote hivi, sitataja Komoro wala kelvini. Hizo zimekaa mbalimbali, kila moja na watu wake, na ni nadra kukutana mlango mmoja. Ninazoziogopa ni zile tatu za mwanzo, zinazolala kitanda kimoja: kilomita, kama, kwa mfano. Zinatumiwa na mtu yuleyule, kwa simu ileile, siku ileile, na kila moja inaingia mahali pa mwenzake bila sentensi kulegea. "Tumebaki km 10" ni Kiswahili safi kwa maana mbili zenye matokeo tofauti kabisa, na nimelipia zote mbili.

Matembezi yalirudiwa mwaka uliofuata, nami nikapewa viti tena. Kijana yule alikuwa amejifunza. "Tumebaki kilomita 7," aliandika, neno zima, nikamshukuru moyoni. Nikamuuliza: mko wangapi? Akajibu: "km 30".

Nikapanga viti thelathini na vitano.