Natafuta mkutano wa AA lakini naogopa kuonekana. Nianzie wapi?

SWALI: Mshauri, hujambo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nakuru. Nimekunywa kwa miaka mingi, na siku hizi asubuhi mikono hutetemeka mpaka nipate kidogo ndipo niweze kushika chaki. Nimeamua kuacha. Rafiki amenitajia mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya wenye tatizo la pombe wanaosaidiana kuacha), ila sijui niitafute wapi, kama kuna ada, kama nitalazimishwa kujieleza mbele ya watu, na itakuwaje nikimkuta humo mzazi wa mwanafunzi wangu. Mke wangu naye anataka tuende pamoja.

JIBU: Mwalimu, kabla ya mkutano kuna hospitali. Mikono inayotulia ukishakunywa ni dalili kwamba mwili umeshaizoea pombe, na kuikata ghafla ukiwa nyumbani peke yako ni hatari. Kutetemeka huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege huweza kukupata ndani ya siku mbili za kwanza. Kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, huku moyo ukienda mbio, mara nyingi huja siku ya pili au ya tatu, na watu hufa. Kwa hiyo usiache ghafla kabla ya kumwona daktari, na usikawie kumwona. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, umweleze unakunywa kiasi gani hasa na mara ya mwisho ilikuwa lini. Wagonjwa wengi hapo hutaja nusu yake kwa aibu, na dozi ya dawa ya kukuvusha hutegemea jibu hilo.

Sasa mkutano. Piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize kuhusu vikundi vya karibu. Uliza pia kwenye vituo vya kurekebisha tabia, kwa sababu washauri wa huko kwa kawaida huwajua wenyeji wa AA. Orodha za mtandaoni zisaidie, lakini usipande matatu kwa kuziamini peke yake: vikundi huhama ukumbi, vingine hufa kimya kimya. Piga simu kwanza, uulize kama mkutano bado upo, unaendeshwa kwa lugha gani, na kama ni wa wazi au wa ndani. Wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe tu. Wa wazi anaingia yeyote.

Ada hakuna. Sharti la kuwa mwanachama ni moja, kutaka kuacha kunywa. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya ukumbi na chai, na mgeni halazimiki kutia kitu. Ukidaiwa pesa za kujiandikisha, jua hapo umeingia kwenye biashara ya mtu. Usishtuke ukumbi ukiwa wa kanisa. AA haifungamani na dini yoyote, ingawa Mungu atatajwa, na kila mtu huachiwa amwelewe kwa namna yake.

Kuzungumza si lazima. Zamu ikikufikia, sema jina lako la kwanza na kwamba leo unasikiliza tu. Watapita kwa jirani yako. Wala usitoke mbio mkutano ukiisha. Kwa maoni yangu, nusu ya faida iko kwenye ile chai ya baadaye, watu wanapopeana namba za simu. Hapo ndipo utaanza kumwona anayeweza kuwa mdhamini wako, yaani mzoefu wa kumpigia kiu ikibana. Mtafute mwanamume mwenzako, na usikopeshane naye pesa.

Kuhusu mzazi wa mwanafunzi: ukimkuta kwenye mkutano wa ndani, yeye naye amefuata lililokupeleka wewe. Lakini nikuambie wazi, usiri wa AA ni desturi inayoheshimiwa sana, si kiapo cha daktari. Kama una shauri la nidhamu TSC, yaani tume inayoajiri walimu, au kesi mahakamani, hayo mpelekee wakili.

Unaweza pia kuanzia mtandaoni, ila angalia simu yako. Kwenye Zoom jina linalotokea huenda likawa lile uliloandika siku ya semina, "Mwl." na majina yote mawili pamoja na shule. Libadilishe kabla ya kuingia. Kundi la WhatsApp nalo huonyesha namba na picha. Na mkutano wa London ulioandikwa saa moja jioni, kwetu ni saa nne usiku majira yao ya baridi, saa tatu majira ya kiangazi.

Je, inasaidia? Uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa tiba zenye utaratibu maalumu wa kumwingiza mtu AA zilishinda tiba nyingine katika kumfanya akae bila kunywa kabisa. Mkutano mmoja usikupe hukumu, kwani vikundi hutofautiana sana. Jaribu viwili vitatu.

Mke wako anaweza kukusindikiza kwenye mkutano wa wazi. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni ya jamaa za wanywaji, na humo ataongea mambo ambayo wewe ukiwa umekaa pembeni yake hatayasema. Kama Nakuru hakuna kikundi chake, nayo hukutana mtandaoni.