Mfupa wa mtoto na mfupa wa bibi

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka minane alianguka kutoka juu ya mwembe akaumia mkono. Picha ya eksrei ilionyesha mfupa umepinda na kupasuka upande mmoja tu. Alifungwa hogo, na baada ya wiki chache akawa anacheza tena. Bibi yake aliteleza msalani akavunjika nyonga, na hospitali wanasema lazima apasuliwe. Kuanguka ni kule kule, mbona matokeo ni tofauti hivi? Na je, hatuwezi kumuuguza bibi nyumbani mpaka mfupa uunge wenyewe? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza.

Mfupa umejengwa kwa vitu viwili vikuu: nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zinazoufanya unyumbuke, na madini ya kalisiamu na fosfeti, ambayo ni takriban theluthi mbili ya uzito wake na ndiyo yanayoupa ugumu. Ukiuloweka mfupa wa paja la kuku kwenye siki kwa siku kadhaa, huku ukibadilisha siki hiyo, tindikali itayeyusha madini na kuacha nyuzi, nawe utaweza kuupinda kwa vidole. Mfupa uliochomwa motoni hadi ukawa mweupe huwa kinyume chake: nyuzi zimeungua, madini yamebaki, na ukiubana unasagika. Mfupa wa mtoto haujajaa madini kama wa mtu mzima, tena umevikwa utando mnene na imara. Ndiyo maana ulipinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi.

Utando huo umejaa mishipa ya damu na chembe za kujenga mfupa. Damu inapoganda penye ufa, gegedu laini, kama lile la sikioni, huota na kuziba pengo, kisha hugeuka kuwa mfupa, na uvimbe unaobaki huchongwa polepole kwa miezi mingi. Hata hivyo mrudisheni kliniki ingawa haumwi, kwa sababu karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka la gegedu ambalo ndilo linalourefusha mfupa, na likijeruhiwa mkono unaweza kukua ukiwa mfupi au umepinda.

Sasa bibi. Mfupa ni kiungo hai, na katika mwili wa mtu mzima takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Hadi umri wa miaka 30 hivi ujenzi hauzidiwi. Baadaye ubomoaji huanza kushinda, na kwa mwanamke huongezeka kasi hedhi inapokoma, kwa kuwa homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiuzuia imepungua. Isitoshe, asilimia 99 ya kalisiamu ya mwili imehifadhiwa kwenye mifupa na meno, na ile kidogo iliyobaki inahitajika ili moyo upige na misuli ijikunje. Kalisiamu ikipungua katika damu, tezi ndogo zilizoko shingoni hutoa homoni inayosababisha mifupa iyeyushwe ili kufidia upungufu huo: mwili huulinda moyo kwanza, hata mfupa ukidhoofika. Baada ya miaka mingi, vijiti vyembamba vinavyoimarisha kwa ndani shingo ya mfupa wa paja, yaani sehemu yake nyembamba iliyo nyongani chini ya kichwa cha mfupa huo, vinakuwa vichache, na kuteleza kudogo kunatosha kuuvunja.

Shingo hiyo ina tatizo jingine. Mishipa mingi inayolisha kichwa cha mfupa wa paja hupanda kupitia hapo hapo, na ikikatika, kichwa kinaweza kukosa damu na kufa. Ndiyo sababu madaktari hukibadilisha kwa cha bandia, au hukaza mfupa kwa vyuma, kulingana na mahali ulipovunjika. Nakusihi msimweke nyumbani wala msimpeleke kwa fundi wa kuunga mifupa. Mzee anayelala kitandani kwa wiki nyingi yumo katika hatari ya damu kuganda miguuni, nimonia na vidonda vya mgongoni, na kwa wengi hatari hizo huwa kubwa kuliko za upasuaji wenyewe.

Baada ya upasuaji atahimizwa kusimama mapema, nanyi msimhurumie mkamzuia. Mfupa hujengeka pale unapobebeshwa uzito. Wanaanga wanaoelea angani hupoteza asilimia 1 au zaidi ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Mpeni maziwa, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na asikose jua. Wekeni taa, kishikio na mkeka usioteleza msalani. Kabla hajaruhusiwa kutoka hospitalini, mwulizeni daktari wake kuhusu dawa za kupunguza ubomoaji wa mifupa, maana aliyekwisha kuvunjika nyonga moja yumo hatarini kuvunjika ya pili.